Pedali zinazofufua Rockman: kwa sisi wa vyumba vya kupanga Arusha na Moshi, zinafaa? (uzi mrefu)

Nyuzi_Sita, Sakina, Arusha

Wakuu wa gitaa, habari za wakati huu.

Kila mara naona swali kuhusu pedali mpya (viboksi vya kukanyaga vya kubadili sauti ya gitaa) zilizoundwa kwa mfano wa Rockman, na majibu ni yaleyale: "chukua, iko vizuri" au "achana nayo, bei". Hakuna anayeeleza ndani kuna nini. Naweka ninachokijua, wenye ujuzi zaidi mtaongezea.

Kwa ambao hawajawahi kuiona: Rockman ni kiboksi cha kuning'iniza kwenye mkanda wa suruali, kilitoka Marekani 1982. Unachomeka gitaa, unavaa hedifoni, unapiga. Hakina spika. Kinakula betri nane za AA. Aliyekibuni ni Tom Scholz, mpiga gitaa wa bendi ya Boston. Huyu hakuwa mwanamuziki tu. Alisomea uinjinia wa mitambo MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, na alikuwa mwajiriwa wa Polaroid, kampuni ya kamera, kabla muziki haujamtoa. Albamu ya kwanza ya Boston, ya 1976, sehemu kubwa aliirekodi mwenyewe kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Mwaka 1980 akaanzisha kampuni yake ya vifaa, na miaka miwili baadaye Rockman ikatoka. Walkman ya Sony ilikuwa sokoni tangu 1979, watu walishazoea muziki kiunoni na hedifoni kichwani, na Scholz akawapa gitaa kwa mtindo huohuo.

Ina nafasi nne za sauti: safi mbili, moja ya kuchachuka kidogo, na moja ya distoshen (sauti ya kukwaruza) kamili. Inakuja na koras (gitaa moja linasikika kama mawili) na eko, yaani mwangwi. Haina vitufe vya besi, kati na juu kama ampu. Unasukuma swichi tu, sauti imeshapangwa.

Na hapo ndipo penye jambo lililonifanya nifungue uzi. Wengi wanaisifia distoshen yake. Kwangu mimi roho ya Rockman ni filta, yaani kichujio cha sauti.

Sikilizeni. Gitaa la umeme masikio yetu yamelizoea kupitia spika ya ampu, na spika ile ya inchi 12 haitoi sauti zote. Ikifika karibu na 5,000 Hz inaanza kushuka kwa kasi. Hedifoni inapanda mpaka karibu 20,000 Hz. Distoshen inazalisha sauti nyingi sana za juu. Kwenye ampu, spika inazimeza. Kwenye hedifoni zinakufikia zote. Ndiyo maana ukichukua pedali ya distoshen ya kawaida ukaipitisha kwenye miksa na kusikiliza kwa hedifoni, unapata mkwaruzo mkavu unaochosha masikio kabla hata hujamaliza wimbo. Mtu analaumu pedali, analaumu gitaa, kumbe kilichokosekana ni spika.

Scholz aliingiza kazi ya spika ndani ya saketi yenyewe. Juu kumekatwa, chini kumepunguzwa, katikati kumeinuliwa, na mbele ya yote kuna kompresa inayosawazisha nguvu ya mkono. Matokeo yake kifaa cha mazoezi kikaingia studio. Bendi ya Def Leppard ya Uingereza walikitumia kwenye magitaa ya albamu yao ya 1987, ile iliyouza mamilioni, wakiwa na uwezo wa kununua ampu yoyote duniani.

Kampuni ya Scholz iliuza jina la Rockman kwa Dunlop, kampuni ya vifaa vya gitaa, mwaka 1995, na vile viboksi vikabaki vya kutafuta kwa mitumba. Sasa Dunlop kupitia chapa yao ya pedali, MXR, wameirudisha sauti ya modeli ya X100 kwenye pedali ya kukanyaga, na watengenezaji wadogo wa nchi mbalimbali nao wana pedali zao zilizofuata saketi hiyohiyo.

Kwa mtu anayeishi chumba kimoja Ngarenaro au Majengo, ukuta mmoja na jirani mwenye mtoto mchanga, hii si habari ndogo. Ila kuna kitu cha kuangalia kabla hujatoa hela: kiboksi cha zamani kilikuwa na kazi mbili, kutengeneza sauti na kusukuma hedifoni. Pedali nyingi za kufufua zimechukua kazi ya kwanza tu. Tundu la kutokea la pedali limetengenezwa kwa ajili ya ampu au miksa, yaani kifaa chenye upinzani wa omu elfu kumi na kuendelea. Hedifoni za kawaida zina omu 32. Ukizichomeka pale unapata sauti ndogo, nyembamba, au hupati kitu. Kwa hiyo soma maelezo ya pedali unayoitaka, ujue kama ina tundu la hedifoni au la. Kama haina, tenga hela ya miksa ndogo au ampu ndogo ya hedifoni.

Karibuni.

Solo_wa_Pasua, Moshi

Asante mkuu, umefungua macho. Ila mimi nipingane kidogo. Simu yangu ina programu ya ampu, ampu za kila aina, bure. Kwa nini nitafute pedali ya kutoka Marekani yenye sauti nne tu?

Nyuzi_Sita

Mkuu wa Pasua, swali la haki. Kama simu inakutosha, endelea nayo. Tatizo ninaloliona kwa wengi ni kuchelewa kwa sauti. Simu inapokea gitaa, inageuza kuwa namba, inakokotoa, inarudisha. Kila milisekunde 10 za kuchelewa ni sawa na kusimama mita tatu na nusu hivi mbali na ampu yako. Ukifika milisekunde 40, na simu nyingi za bei ya kawaida zinafika, uko mita karibu kumi na nne. Kwenye kupiga polepole huwezi kuligundua. Piga sebene ya haraka uone: mkono unaanza kusubiri sikio, na ukizoea kusubiri nyumbani, Jumapili kanisani unaivuta bendi nyuma. Saketi ya analogi, isiyogeuza sauti kuwa namba, haina huko kuchelewa. Unagusa uzi, sauti iko.

Halafu kuna kuchagua. Ukiwa na ampu mia kwenye simu, nusu ya muda wa mazoezi unaisha kwenye kuchagua.

Solo_wa_Pasua

Hiyo ya sebene imenigusa, maana ndiyo ninayohangaika nayo. Sasa niambie, hii si sauti ya rock? Mimi sipigi rock. Napiga kwaya na praise, chemko likianza lazima solo isikike inacheza.

Mzee_wa_Ridhimu, Kaloleni, Arusha

Vijana hamjambo. Hapa naomba niingie, maana swali la kijana wa Pasua ndilo lenye uzito.

Nimepiga ridhimu kwenye bendi za hoteli hapa mjini miaka ambayo ampu moja ilibeba magitaa mawili, na nyuzi zikikatika tulikuwa tunaunga. Kiboksi hicho nilikiona kwa mpiga solo mmoja aliyekuwa anapita na bendi ya Wakongo kuelekea Nairobi. Hakugusa distoshen hata mara moja. Alikiweka kwenye sauti safi, koras imewashwa, akapiga. Nakwambia, kila noti ilisimama peke yake. Alipokuwa anapiga mikono miwili ya haraka kule juu kwenye shingo ya gitaa, hakuna noti iliyopotea chini ya nyingine.

Kazi hiyo ni ya kompresa. Sebene inataka noti laini na noti kali zitoke na ukubwa unaokaribiana, kwa sababu mpigaji anarudia mzunguko uleule dakika nyingi na watu wanacheza juu yake. Mkisikiliza magitaa safi ya soukous ya miaka ya themanini, ya mpiga solo wa Kongo kama Diblo Dibala, sauti ile inang'aa, imebanwa, ina koras. Sisemi alitumia kifaa hiki. Nasema masikio ya enzi ile, Kinshasa, Paris na Boston, yalikuwa yanapenda kitu kimoja.

Kwa hiyo kijana, usiogope jina lenye "rock". Sauti safi ndiyo hazina yako humo.

Lakini nina neno moja kwa mwenye uzi. Kifaa kisichokuwa na vitufe vya kupanga sauti kinawafanya watu wote wasikike mtu mmoja. Zamani ukiwa nje ya ukumbi ulikuwa unajua nani yuko jukwaani kwa noti tatu za kwanza. Kila mtu alikuwa na mkono wake na ampu yake. Pedali inayotoa sauti iliyopikwa tayari inaweza kula utambulisho wa kijana ambaye bado anajitafuta.

Nyuzi_Sita

Shikamoo mzee. Nashukuru sana kwa kuingia, na hilo la bendi ya Wakongo nimelisoma kwa furaha.

Kuhusu utambulisho, naona hivi: kifaa kikiwa hakina cha kupanga, kinachobaki cha kubadilisha ni mkono. Unapiga karibu na daraja, unapiga karibu na shingo, unashusha volyumu ya gitaa, unabadilisha pikapu (vile vinasa sauti chini ya nyuzi). Rockman inaitikia sana volyumu ya gitaa. Ukiishusha, ile nafasi ya kuchachuka inasafika yenyewe. Kwa anayejifunza nadhani ni mwalimu mzuri. Ila jukwaani nakubaliana nawe, mpigaji aliyekomaa ana haki ya kutaka zaidi ya swichi nne.

Mzee_wa_Ridhimu

Marahaba kijana. Hapo kwenye volyumu ya gitaa umesema kweli, vijana wengi wanaiacha imefunguka yote mwaka mzima.

Fundi_Saketi, Kiboriloni, Moshi

Wakuu nimechelewa kuuona uzi, nilikuwa kazini. Nichangie upande wangu, upande wa umeme, maana hizi pedali zinaletwa kwangu zikiwa zimeungua, na wenyewe wanalia.

La kwanza, adapta. Pedali nyingi zinataka volti 9 za umeme wa DC, katikati hasi na pembeni chanya. Adapta nyingi za radio na za vifaa vingine zinazouzwa mitaani ni kinyume, katikati ndiyo chanya. Plagi inaingia vizuri kabisa, ndiyo hatari yake. Angalieni ule mchoro mdogo wa duara ulioandikwa kwenye adapta na kwenye pedali, vifanane. Kama vifaa vimetoka Marekani na adapta yake, soma pia nyuma ya adapta. Kwao umeme ni volti 120, kwetu ni 230. Ikiwa imeandikwa 120 peke yake, usiichomeke.

La pili, mngurumo. Adapta ya hali ya chini haichuji vizuri umeme wa ukutani wa 50 Hz, na kompresa inaukuza huo mngurumo wakati hupigi. Mteja anakuja anasema pedali mbovu. Naiwekea betri, kimya. Kabla hujampelekea fundi, jaribu betri kwanza.

La tatu ni kwa wenye viboksi vya zamani. Betri nane za AA za kawaida ni volti 12. Ukiweka za kuchaji, ambazo kila moja ni volti 1.2, unapata 9.6. Kitawaka, ila nafasi ya sauti kupumua inapungua. Na kifaa cha miaka arobaini kapasita zake zimekauka, swichi za kusukuma zimeshika kutu. Nyingi zinapona kwa dawa ya kusafishia swichi na kapasita mpya. Msivitupe. Kama kuna mtu ana kimoja kabatini kwa mjomba wake, kilete tukiangalie.

DadaBesi, Njiro, Arusha

Fundi asante, hilo la betri nane nilikuwa silijui.

Mimi napiga besi usharikani. Nimejaribu pedali ya aina hii ya rafiki yangu kwa gitaa la besi na sikuipenda, noti za chini zimekuwa kama zimekatwa miguu. Sasa nimeelewa sababu, ile filta aliyoisema Nyuzi_Sita. Wapiga besi wenzangu, zamani walitoa Rockman ya besi kabisa, tofauti na ya gitaa. Hizi za gitaa tuwaachie wapiga solo.

Ila kanisani naziunga mkono kwa nguvu zote. Mnajua shida yetu. Mpiga solo anakuja na ampu, anaiweka nyuma yake, hajisikii, anaongeza. Mwimbaji hajisikii, anaomba aongezwe. Ibada ikifika katikati kila kitu kimepanda na wazee wa mbele wameshika masikio. Rafiki yangu alipoanza kutoka kwenye pedali moja kwa moja mpaka kwenye miksa, bila ampu jukwaani, mtu wa mitambo akaweza kumweka anapotaka, na sauti ilikuwa ya gitaa kweli, si ule mkwaruzo. Kwaya nzima ilisikia tofauti Jumapili ileile.

Swali langu: hii koras ya stereo. Spika zetu za kanisa ni mono, zote zinatoa sauti ileile. Tunapoteza nini?

Fundi_Saketi

Dada, jibu linategemea pedali. Koras ni sauti iliyocheleweshwa kidogo sana, na kule kuchelewa kunayumbayumba. Kwenye analogi kazi hiyo inafanywa na chipu yenye mlolongo wa kapasita mamia, kila moja inapokea chaji na kumpa inayofuata, kama watu waliojipanga kutoka mtoni wakipokezana ndoo. Wazo hilo lilitoka Philips mwaka 1969, na wenyewe wameliita kwa hizo ndoo. Saa ya chipu ikienda kasi ndoo zinafika mapema, ikipungua zinachelewa. Saa ikipandishwa na kushushwa, unasikia ule mzunguko wa koras.

Sasa stereo. Pedali nyingine inatoa sauti kavu upande mmoja na iliyocheleweshwa upande wa pili. Ukiziunganisha kwenye mono unapata koras ya kawaida, hakuna hasara kubwa. Nyingine inatoa iliyocheleweshwa pande zote mbili, ila upande mmoja imegeuzwa kinyume. Hizo ukizijumlisha kwenye mono, zinafutana, koras inapotea kabisa na unabaki na gitaa kavu. Dawa yake ni rahisi: kanisani tumia upande mmoja tu, chomeka waya mmoja kwenye tundu la mono. Usiunganishe pande mbili kwa waya wa kugawanya.

Mwanafunzi_Usa, Usa River

Nasoma muziki Makumira, nimefuatilia uzi wote. Nataka kuongeza la masikio, maana halijaguswa.

Hedifoni zinadanganya. Gitaa lenye kompresa linabaki na ukubwa uleule muda wote, hakuna kushuka ambako kungekushtua kwamba umeongeza sana. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukipanda desibeli 3 muda salama unapungua nusu. Ukifika 89 zimebaki saa tano za wiki nzima. Mimi nafanya hivi: naweka wimbo wa kufuatia (ule ninaopiga gitaa juu yake) kwanza, chini, kiasi kwamba namsikia mtu akiniita mlangoni. Halafu naleta gitaa juu ya wimbo bila kugusa wimbo tena. Nikitamani kuongeza gitaa, napunguza wimbo.

Na hedifoni za kufunika sikio zinazoziba vizuri zinasaidia, maana zinapunguza kelele za nje na hulazimiki kushindana na daladala zinazopita barabarani.

Solo_wa_Pasua

Nimeandika yote kwenye daftari, sitanii. Sasa wakuu nipeni mpangilio. Nina gitaa na hedifoni za kufunika sikio. Hela ya pedali ya MXR sina leo, naweza kuikusanya taratibu. Nianze na nini?

Nyuzi_Sita

Mkuu, kwa hali yako ningeanza na miksa ndogo yenye tundu la hedifoni, ya chaneli mbili au nne, hata iliyotumika. Ipeleke kwa Fundi hapo Kiboriloni aikague kabla hujalipa. Hiyo miksa haitapotea, utaitumia na pedali yoyote utakayopata baadaye, na chaneli ya pili utaweka wimbo wa kufuatia kutoka kwenye simu.

Wakati unakusanya, kuna vidude vya kuchomeka kwenye gitaa moja kwa moja, kama amPlug ya Vox iliyoanza kutoka 2007. Vinatumia betri mbili za AAA, ni analogi, vina tundu la hedifoni, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya pedali. Chagua chenye sauti safi. Havina ile kompresa wala ile koras pana, lakini mkono wako utafanya mazoezi usiku bila kumwamsha mtu.

Pedali ije mwisho. Na ukiagiza kutoka nje, piga hesabu ya mzigo, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 18 kabla hujafurahia bei ya kwenye mtandao. Mara nyingi ni heri kumwagiza mtu anayerudi nyumbani.

Mzee_wa_Ridhimu

Kijana wa Pasua, wakati huo unapokusanya, chukua mzunguko mmoja wa sebene, ule rahisi wa kodi tatu, uupige safi kabisa, bila koras wala eko, volyumu ya gitaa ikiwa nusu. Noti zote zikitoka sawa bila msaada wa kompresa, ndipo pedali itakufaa. Ukiwa Arusha siku ya Jumamosi nitafute Kaloleni tupige pamoja, mimi ridhimu, wewe solo.

Solo_wa_Pasua

Shikamoo mzee, nakuja. Fundi, kesho asubuhi nipo kwako na miksa.

Fundi_Saketi

Njoo kabla ya saa nne mangi, baada ya hapo umeme wa mtaa wetu huwa haueleweki. Na uje na adapta yake.